Mwekezaji anasema mtambo wake unapokea taka zote bila kuzitenganisha. Tusaini?

*"Mimi ni diwani katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, na ni mjumbe wa kamati inayoshughulikia mazingira. Mji wetu unazalisha kama tani 180 za taka kwa siku. Magari yanafikisha dampo kama tani 120. Dampo limejaa, kiangazi linafuka moshi usiku kucha, na bondeni kwake kuna nyumba za watu. Sasa amekuja mwekezaji na andiko la mradi wa kugeuza taka kuwa umeme kwa teknolojia mpya ya plazma. Anasema mtambo utapokea taka mchanganyiko kama zilivyo, tani 250 kwa siku, utatoa megawati 8, na dampo litafungwa kabisa. Anachotaka ni eneo bure, mkataba wa miaka 25, na halmashauri ihakikishe tani hizo zinafika kila siku. Wenzangu wengi wamefurahi. Mimi nina wasiwasi lakini sina hoja ya kitaalamu. Je, teknolojia hizi zipo kweli? Na kama zipo, mbona miji yetu haina?"*

Mheshimiwa diwani,

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Teknolojia za kugeuza taka mchanganyiko kuwa umeme, gesi, fueli au mboji zipo, na baadhi yake zina zaidi ya miaka mia moja kazini. Ila andiko ulilonieleza halikuandikwa kwa ajili ya taka za mji wenu. Nitakuonyesha hilo kwa hesabu ambayo unaweza kuirudia mwenyewe kikaoni kwa kalamu na karatasi. Kwa masharti hayo, usiunge mkono. Lakini pia msibaki mkitazama dampo likifuka moshi, kwa sababu ipo njia ya kupunguza kinachozikwa hadi karibu theluthi moja ya cha sasa. Njia hiyo haianzii kwenye tanuri.

Tuanze na maji, maana kila kitu kwenye swali lako kinategemea maji.

Mtu akisikia neno taka, picha inayomjia ni mifuko, makopo na karatasi. Mwaga gari moja linalotoka sokoni juu ya turubai, uone kilichomo. Kuna maganda ya ndizi na majani ya mgomba yaliyofungia mikungu, vifuu vya madafu vikiwa bado na maji ndani, machicha ya nazi, maembe yaliyooza, matumbo ya samaki, mabaki ya wali. Kuna nepi. Kuna mchanga mwingi, kwa sababu uani tunafagia ardhi na vumbi lote linaishia kwenye kiroba. Chupa za maji, vyuma na maboksi makavu huyaoni sana, kwa kuwa waokota taka wameshayachukua mtaani na kwenye kizimba cha taka kabla gari halijafika. Kwa maneno mengine, vile vinavyowaka vizuri vimeondoka mapema, na vilivyobaki vimelowa. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni vitu vinavyooza, na maji peke yake mara nyingi ni asilimia 50 hadi 60 ya uzito wote.

Ili kitu kiwake, lazima maji yaliyomo yageuke mvuke kwanza, na kila kilo moja ya maji hula kama megajuli 2.4 za joto ikifanya hivyo. Chukua kilo moja ya taka zenu za masika. Tuseme asilimia 58 ni maji, 15 ni mchanga na majivu, na 27 ndiyo mali kavu inayowaka. Mali hiyo hutoa takriban megajuli 20 kwa kilo, kwa hiyo gramu 270 zitakupa megajuli 5.4. Ondoa 1.4 zilizoliwa na maji, unabaki na 4. Wataalamu wa Benki ya Dunia waliweka kiwango kinachotumika mpaka leo: tanuri la taka lisijengwe mahali ambapo wastani wa mwaka hauji walau megajuli 7 kwa kilo, na hata msimu mbaya usishuke chini ya 6. Chini ya hapo moto haujitegemei, kama vile kuni mbichi zinavyokulazimisha kumwaga mafuta ya taa kila mara.

Sasa pima ile ahadi ya megawati 8. Tani 250 kwa siku, kila kilo ikiwa na megajuli 4, ni megajuli milioni moja kwa siku. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku nzima: unapata joto la megawati 11.6 hivi. Hilo ni joto, bado si umeme. Mitambo ya ukubwa huu hugeuza sehemu ya tano hadi ya nne tu ya joto kuwa umeme, kwa hiyo utapata megawati 2.3 hadi 2.9, na mtambo wenyewe utatumia sehemu yake kuendesha feni, pampu na machujio. Ili zipatikane megawati 8 kutoka kwenye taka hizo, ingebidi karibu asilimia 70 ya joto lote igeuke umeme. Hakuna mtambo wa mvuke duniani unaofanya hivyo, hata ile mikubwa inayotumia gesi asilia peke yake.

Namba hiyo ilitoka wapi basi? Weka megajuli 10 kwa kilo, ambazo ndizo taka za kawaida za miji ya Ulaya, urudie hesabu: utapata megawati 7 na kidogo. Andiko hilo limechukua mtambo pamoja na taka za Ulaya, likabandika jina la mji wenu juu. Na kumbuka pia kwamba mnafikisha dampo tani 120, si 250. Mji mzima wenyewe unazalisha kama 180 tu. Hizo nyingine zitatoka wapi?

Ndipo penye jibu la swali lako la mwisho, kwa nini miji yetu haina mitambo hii. Wengi hudhani ni uzembe, au fedha, au wataalamu. Vyote hivyo vina sehemu yake, lakini jibu la kwanza ni maji, na walioliruka walilipa. Mwaka 1987 Delhi, India, ilijenga kiwanda cha kuchoma taka Timarpur kwa teknolojia kutoka Denmaki. Kilisanifiwa kupokea tani 300 kwa siku na kutoa megawati 3.75. Kiliendeshwa siku 21 tu. Tanuri lilihitaji taka zenye megajuli zaidi ya 6 kwa kilo, na zilizoletwa zilikuwa na karibu nusu ya hapo.

Wachina nao wana taka zenye maji kama sisi, na wamefanikiwa, kwa hiyo nisikuambie haiwezekani. Walichofanya ni kujenga mashimo makubwa ambamo taka hukaa siku tano hadi saba zikichuja maji kabla ya kuingia tanurini, kisha wakajenga mitambo ya kusafisha yale maji machafu yanayochuruzika. Mitambo yao ya mwanzo mingi ilichanganya taka na makaa ya mawe. Na tarehe 1 Julai 2019 jiji la Shanghai lilianza kuwalazimisha wakazi kutenganisha taka zinazooza majumbani. Jiji lenye fedha na matanuri ya kisasa liliona bado linahitaji kutenganisha.

Karibu na sisi kuna Addis Ababa. Mtambo wa Reppie ulizinduliwa Agosti 2018, wa kwanza wa aina yake katika eneo letu, ukiwa umesanifiwa kupokea tani kama 1,400 kwa siku. Addis ni jiji la mamilioni ya watu, lipo juu milimani, na serikali kuu ndiyo iliyobeba gharama, ambazo zilikuwa zaidi ya dola milioni 90. Ukiona mji wenye tani 120 unaahidiwa kitu cha namna hiyo bila gharama yoyote, uliza nani hasa analipa.

Nije kwenye plazma. Nalisikia neno hili kwenye kila andiko la mradi siku hizi, na naelewa linavyovutia: moto wa nyuzi elfu kadhaa unaovunja kila kitu kuwa gesi safi na kioo. Fizikia yake ni ya kweli, na kwa taka hatari za kiasi kidogo inatumika. Tatizo ni kwamba tochi ya plazma inakula umeme mwingi, na gesi inayotoka kwenye taka mchanganyiko imejaa lami, klorini na vumbi ambavyo huziba mabomba na kula chuma. Usafishaji wa gesi hiyo ndiyo kazi iliyowashinda wakubwa. Kampuni ya Air Products ya Marekani ilijenga mitambo miwili ya plazma Teesside, Uingereza, ikashindwa kuifanya ifanye kazi, na mwaka 2016 ikaachana nayo kwa hasara ya takriban dola bilioni moja. Karlsruhe, Ujerumani, ilikuwa na mtambo wa kugeuza taka kuwa gesi uliofungwa 2004. Fulcrum ya Marekani, iliyotaka kutengeneza mafuta ya ndege kutokana na taka, ilitangaza kufilisika 2024. Japani wanayo matanuri ya kuyeyusha taka yanayofanya kazi miaka mingi, ila huyalisha makaa ya koki na hulipia gharama kubwa kwa sababu ardhi ya kuzikia taka hawana. Kama mabingwa wenye mitaji ya mabilioni walikwama hapo, mji wenu usikubali kuwa uwanja wa majaribio.

Mtu mwingine anaweza kuja na mtambo mdogo wa kupika plastiki bila hewa ili kupata dizeli. Huo unawezekana kwa plastiki safi na kavu za aina chache, kama mifuko laini, ndoo na vifuniko. Chupa za maji hazitoi mafuta ya maana. Hutoa unga unaoziba mabomba. Mabomba ya plastiki na nyaya hutoa asidi kali. Kwa taka mchanganyiko za dampo, sahau, tena mitambo ya kienyeji ya aina hii imewahi kulipuka na kuunguza watu.

Na ile ahadi ya kufunga dampo kabisa? Haiwezekani kwa teknolojia yoyote ya moto. Tanuri zuri la Ulaya huacha majivu ya chini ambayo ni asilimia 20 hadi 25 ya uzito wa taka zilizoingia. Zenu zina mchanga mwingi, kwa hiyo msitarajie pungufu. Kisha kuna majivu membamba yanayonaswa kwenye machujio ya moshi, asilimia 2 hadi 4 hivi. Hayo yamebeba metali nzito na dioksini, yaani sumu kali zinazozalishwa na uchomaji, ni taka hatari, na hayaruhusiwi kumwagwa pamoja na taka za kawaida. Kwa tani 120 kwa siku hiyo ni kama tani 3 za sumu kila siku, miaka 25. Muulize mwekezaji zitapelekwa wapi. Kama andiko lake halina ukurasa juu ya majivu hayo, basi hajafikiria mradi mpaka mwisho.

Hapo hapo kuna suala la moshi. Kanuni za Ulaya zinadai gesi za tanuri zikae kwenye nyuzi 850 kwa sekunde mbili nzima ili dioksini zivunjike. Taka zikiwa zimelowa, joto linashuka chini ya hapo. Mwendeshaji mwaminifu atawasha vichomeo vya dizeli kulipandisha. Asiye mwaminifu atanyamaza, na watakaovuta ni watoto wa mtaa ulio upande unakoelekea upepo. Vipimo vya dioksini ni vya gharama, na sampuli hupelekwa maabara maalumu. Nani atampima mwendeshaji huyo, na kwa fedha za nani?

Upande wa fedha niseme kwa kifupi. Kwa taka za megajuli 4, tani moja hutoa kama uniti 200 za kuuza baada ya matumizi ya mtambo. Hata TANESCO, shirika la umeme, wakinunua kwa senti 10 za dola kwa uniti, hiyo ni dola 20 kwa tani. Gharama ya kuchoma tani moja kwa mtambo wenye machujio ya kweli ni nadra kushuka chini ya dola 50, na mara nyingi ni mbali zaidi. Pengo hilo huzibwa na ada ya kupokea taka, yaani na halmashauri. Na kumbuka kwamba bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Mnunuzi wa umeme hana sababu ya kulipa bei ya juu kwa megawati mbili zenu.

Barua yako ina jambo moja lililonishtua kuliko mkataba, nalo umelitaja kwa nusu sentensi: nyumba zilizo bondeni chini ya dampo. Naomba tulizungumze kabla ya teknolojia yoyote.

Tarehe 11 Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa, uliporomoka ukaua zaidi ya watu 110. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka karibu na makazi na kuua zaidi ya watu 30. Kiteezi lilifunguliwa miaka ya 1990 kwa utaratibu. Halikuanza kama jalala la holela. Kilichoua ni taka kuendelea kupandishwa juu kwa mwinuko mkali baada ya nafasi kwisha, mvua ikaingia ndani, gesi na maji vikajazana bila pa kutokea, mpaka mlima ukakosa nguvu ya kujishikilia. Nenda dampo lenu na afisa mazingira wiki hii. Angalieni kama juu kuna nyufa ndefu zinazofuata ukingo, kama sehemu ya chini imevimba kuelekea bondeni, kama kuna chemchemi za maji meusi zinazotoka katikati ya mteremko. Mkiona moja kati ya hizo, wahamisheni watu waliopo chini kwanza na muite mhandisi wa miamba na udongo siku hiyo hiyo, hata kama mvua imekatika. Kama hakuna dalili, bado anzeni na kijiko, ile mashine ya kuchimba: punguzeni mwinuko, chimbeni mifereji ya kuzuia maji ya mvua kuingia, funikeni kwa udongo, na zuieni mtu yeyote kujenga zaidi upande ule. Moshi wa kiangazi unatokana na moto unaofukuta ndani, ukilishwa na gesi ya methani na hewa inayopenya kwenye taka zisizofunikwa. Udongo ulioshindiliwa huuzima vizuri kuliko maji.

Sasa njia ninayoipendekeza. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wenzako watauliza maswali.

Kama maji ndiyo adui, yatoeni yalikokusanyika kwa wingi, kabla hayajalowesha kila kitu kingine. Hayapo sawasawa mji mzima. Yamejaa sokoni, machinjioni, mnadani kwa samaki, kwenye mahoteli na kwa mama lishe. Hizo ni sehemu chache, zinajulikana, na kila moja ina uongozi. Ni rahisi kukubaliana na viongozi wa masoko manne kuliko na kaya elfu sitini. Mkiweka gari maalumu kwa taka zinazooza za maeneo hayo peke yake, mji wa ukubwa wenu unaweza kutenga kama tani 40 kwa siku, karibu zote zikiwa safi.

Zifanyiwe nini? Kuna njia tatu za kweli. Mboji ya matuta yanayogeuzwa ndiyo nafuu na haina mashine za kuogopwa. Dar es Salaam wana kituo cha namna hiyo Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, na nakushauri mkakitembelee kabla ya kwenda ziara yoyote ya ng'ambo. Biogesi inafaa zaidi pale penye mteja wa gesi jirani, kama machinjio, gereza au shule ya bweni. Tani moja ya mabaki ya chakula hutoa karibu mita za ujazo 100 za gesi. Ya tatu ni funza wa nzi askari weusi, ambao kwa wiki mbili hivi hula mabaki ya chakula na kugeuka chakula cha kuku na samaki. Nairobi na Arusha wapo wanaofanya biashara hiyo. Kwa mji wa pwani wenye wafugaji wa kuku mimi ningeanza na mboji kwa wingi na funza kwa majaribio.

Hapa kuna kosa ambalo limeua miradi mingi ya mboji: kujaribu kuitengeneza kutokana na taka mchanganyiko, kisha kuichekecha. Haichekecheki ikawa safi. Vipande vya chupa, betri zilizopasuka na plastiki ndogondogo hubaki ndani. Mkulima akijikata mkono mara moja kwenye gunia la mboji, harudi tena, na atawaambia majirani. Mboji ya kuuza lazima itokane na taka zilizotengwa toka mwanzo.

Zinabaki tani 80 mchanganyiko, na hapa ndipo teknolojia inapokuwa na kazi yenye maana. Wajerumani walikataza kuanzia tarehe 1 Juni 2005 kuzika taka ambazo hazijachakatwa, na si kila wilaya ilijenga tanuri. Nyingi zilijenga vituo vya kuchambua kwa mashine na kukausha kwa bakteria. Taka huchanwachanwa, hulundikwa chini ya paa, na hewa hupulizwa kutoka chini. Bakteria wanapokula zile zinazooza hupandisha joto la lundo hadi nyuzi 50 au 60 bila kiberiti wala umeme wa kupashia, na hewa huondoka na mvuke. Baada ya siku 10 hadi 15, maji yameshuka kutoka kama asilimia 50 hadi kama 25. Wadudu wamefanya ile kazi ambayo tanuri lingewatoza dizeli.

Lundo likikauka, linachekecheka vizuri. Vipande vikubwa vikavu, vitambaa, plastiki laini, makumbi na mbao, huwa fueli yenye megajuli 12 hadi 15 kwa kilo, na mteja wake wa asili ni kiwanda cha saruji. Pwani yetu ina bahati hapo: mawe ya chokaa ndiyo yaliyovileta viwanda hivyo Wazo, Tanga na Mtwara. Tanuri la saruji lina moto wa nyuzi karibu 2,000, gesi hukaa humo muda mrefu, na majivu huingia ndani ya saruji yenyewe, kwa hiyo hakuna majivu ya kuzika. Lakini zungumzeni na kiwanda kabla ya kununua hata skrubu. Watawapa masharti juu ya unyevu, ukubwa wa vipande na hasa klorini, ambayo huziba tanuri lao. Kama hawataki, au kama usafiri unazidi thamani ya fueli, sehemu hiyo ya mpango iacheni. Ukaushaji peke yake bado unalipa.

Unalipa kwa sababu zile chembe ndogo zinazopita kwenye chekeche zimeshaoza kwa sehemu kubwa. Zikizikwa hazinuki kama zamani, hazitoi methani nyingi, hazitoi maji meusi mengi, na hushindilika vizuri. Zinaweza kutumika kama tabaka la kufunikia. Kwa makadirio yangu, tani zenu 120 zingekuwa hivi: 40 kwenye mboji na funza, kama 25 zitoke kama mvuke na hewa, 15 hadi 20 fueli, kidogo plastiki na vyuma vya kuuza, na zinazobaki, 35 hadi 40, ndizo zizikwe. Dampo mtakuwa nalo, ila dampo la kisasa lenye utando chini na mifereji ya kukusanya maji machafu, kama yale yaliyojengwa Dodoma, Tanga na Mwanza, nalo litadumu mara tatu ya muda ambao lingedumu sasa.

Udhaifu wa njia hii usiufiche kikaoni. Inahitaji gari la taka za soko lisikose hata siku mbili, la sivyo wafanyabiashara watarudi kwenye kizimba kimoja. Kituo cha kukausha kikisimamiwa ovyo kitanuka, na majirani watakuwa na haki ya kulalamika. Mboji ya mwaka wa kwanza itawalazimu kuigawa zaidi ya kuiuza. Na waokota taka lazima waingizwe kwa ajira au vikundi vyenye mkataba tangu siku ya kwanza. Wao ndio wanaojua kuchambua, na watoto wao wanaishi kwa kazi hiyo. Mradi wowote unaowafungia geti, uwe wa plazma au wa mboji, unawanyima watu chakula, na mimi siwezi kuuita mzuri.

Kabla ya yote, pimeni. Kopeni au nunueni mzani wa magari, pimeni kila gari kwa mwaka mzima. Mara nne kwa mwaka, masika, kiangazi, Ramadhani na msimu wa maembe, chagueni magari kadhaa, mwageni kwenye turubai, changanyeni kwa koleo, gaweni lundo sehemu nne na kuchukua robo mbili zinazotazamana, rudieni mpaka mbaki na kama kilo 100, kisha chambueni kwa mikono yenye glavu na mpime kila fungu. Sampuli ndogo zikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana watu wanaoweza kuwasimamia na kupima thamani ya joto. Kazi hiyo ni ya mamilioni machache ya shilingi, na itawapa nguvu mbele ya mwekezaji yeyote.

Kwenye mkataba, kifungu cha kukitafuta ni kile kinachowataka mhakikishe tani. Kinamaanisha kwamba siku mtakapoleta 120 mtalipia 130 ambazo hazikuja. Kinamaanisha pia kwamba mkifanikiwa kuwafundisha watu kutenganisha, mtatozwa kwa mafanikio yenu. Mji wa Harrisburg, Pennsylvania, ulifika mahakamani kuomba kutangazwa muflisi mwaka 2011, na mzigo mkubwa ulikuwa deni la tanuri la taka. Miaka 25 ni mabaraza matano ya madiwani. Mwekezaji akiwa na uhakika na mtambo wake, akubali kubeba hatari ya tani na ya megawati yeye mwenyewe, aonyeshe mtambo wa aina ileile uliofanya kazi walau miaka mitatu kwa taka zenye unyevu kama zetu, na awaruhusu mzungumze na halmashauri ya huko bila yeye kuwepo. Asipokubali, anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Yapo mambo ambayo majibu ya maandishi kama haya hayatoshi. Kabla ya baraza kupiga kura, tafuteni mhandisi wa taka asiyelipwa na mwekezaji aje asome andiko lote, hasa mizania ya joto (hesabu ya joto linaloingia na linalotoka) na ukurasa wa majivu. Mwanasheria wa halmashauri asiachwe peke yake na mkataba wa ubia; kituo cha serikali cha ubia wa sekta ya umma na binafsi kipo kwa kazi hiyo. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ihusishwe kabla eneo halijatolewa, kwa sababu tathmini ya athari kwa mazingira inaweza kubadilisha hata mahali pa mradi. Kuhusu umeme, ongeeni na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na TANESCO moja kwa moja, msipokee barua iliyoletwa na mwekezaji. Ukinitumia jedwali la vipimo vya msimu wa kwanza, hata kama ni la soko moja tu, nitakuonyesha ukubwa wa eneo la mboji mtakalohitaji na idadi ya magari ya kuanzia.